Mkaguzi Amekula Zana Yangu ya Somo

Jamani, leo mkaguzi amekula zana yangu ya kufundishia!

Ndiye aliyekuja kuamua kama nithibitishwe kazini.

Nilikuwa nawafundisha watu wazima wa kijiji chetu cha ujamaa, hapa Kasulu, jinsi mwili ulivyopangwa. Mbuzi wa kumkaribisha alikuwa ameshachinjwa. Nikaviomba viungo vya ndani, nikavipanga juu ya majani ya mgomba: moyo, mapafu, ini, utumbo.

Nikageuka kuchora mishipa ya damu ubaoni. Mnanijua, nilichora yote.

Kugeuka tena, ini halipo.

Nikamuuliza mwanafunzi aliyekaa karibu na moto: "Mama Nyamwiza, ini liko wapi?"

"Tumelichoma, mwalimu. Ini ni la mgeni. Ulitaka tuaibike?"

Namtazama mkaguzi: sahani mapajani, anatafuna taratibu.

Akafuta midomo, akaliuliza darasa: "Ini hukaa wapi mwilini?"

"Kulia, chini ya mbavu!" Wote kwa pamoja.

"Na kazi yake?"

Sikuwa nimefika huko.

Mzee Bukuru akanyoosha mkono. "Kumlainisha ndugu mkaguzi."

Mkaguzi alicheka mpaka akapaliwa.

Nimethibitishwa!

Walimu wenzangu, nishaurini: figo nizifundishe asubuhi, kabla moto haujawashwa?