Kioo Kipya cha Dama

Wenye meza za kutengeneza simu hapa Makadara ni wengi, lakini fundi ni mie. Hao wengine wana bisibisi tu. Shule niliiachia darasa la sita, na waliomaliza zote ndio wanaoniletea simu zao. Basi nikisema siku moja nilikosea, wekeni tarehe.

Dama namfahamu mwaka wa nne huu. Mtoto wa Kaloleni, hupiga deki maofisi ya Ganjoni, mchache wa maneno. Mumewe, Jefwa, ni mpishi wa meli ya mizigo. Aliondoka mwezi wa pili, na humpigia mkewe pale tu meli inapofunga gati mahali penye mtandao. Hupita mwezi, mara nyingine miwili. Na simu ya Dama ilikuwa na ufa toka kona hadi kona, kwa hivyo kila akipigiwa ya video, Jefwa alimjia vipande: jicho huku, mdomo kule.

"Ami," akaniambia Ijumaa hiyo asubuhi, "leo saa tisa atapiga. Nataka nimuone mzima."

"Huyo mumeo hata akiwa mzima si mzuri sana."

"Weka kioo, Ami."

Nikaweka. Sasa, fundi huwasha simu kwanza akaona mwanga, ndipo akatia gundi. Lakini adhana ilinikuta simu i wazi mezani, nikajifanya mjanja: nikatia gundi, nikaikaza kwa mipira ya kufungia noti, nikaenda zangu msikitini. Ikauke nami naswali, kazi mbili kwa mpigo.

Saa nane u nusu Dama akarudi, kapaka wanja, kavaa mtandio mpya. Nikabonyeza kitufe. Giza. Nikachomeka chaji, nikabadilisha chaja, nikabonyeza nikahesabu hadi thelathini. Giza.

"Imekufa?"

"Imelala. Hata weye huamki ukiitwa mara moja."

Hakucheka, nami sikumlaumu. Nikaibonyeza tena nikiwa nimeilaza kiganjani. Ikatetemeka kidogo, kama kifaranga. Hapo nikajua. Simu ilikuwa hai. Ule waya bapa wa kioo ndio sikuubana ukaingia sawasawa, nao sasa uko ndani, chini ya gundi yangu mwenyewe. Kuufikia ni kupasha moto, kubandua, kuchomoa betri: nusu saa nzima, na saa tisa ishakaribia.

Nilikuwa nawasha bloa ya kupulizia hewa ya moto, simu ikalia. Mlio ule Dama alimwekea mtu mmoja tu. Akaikamata kwa mikono miwili, akakiparuza kile kioo cheusi kwa kidole. Hakikuitika.

"Ami, itakata."

Nikachomeka spika zangu za masikioni, zile zenye kitufe kwenye waya, nikakibonyeza. Moja nikampa. Nyingine nikabaki nayo mie, sisemi uwongo.

"Ahaa, nakuona," ikasema sauti ya Jefwa. "Umepaka wanja."

"Nimepaka."

"Mbona huniangalii?"

Kioo kilikuwa kikimrudishia Dama uso wake mwenyewe. Akanitupia jicho, kisha akakikabili tena, akainua kidevu.

"Nakuangalia," akasema. "Umekonda."

"Nani, mie? Nimenenepa. Huoni mashavu?"

"Geuka basi." Akanyamaza kiasi cha mtu kugeuka. "Eh. Umenenepa kweli."

Wakaongea dakika tisa, mtandao ukakata.

Nikaifungua, nikaubana ule waya, ukalia tik, mwanga ukajaa. Kioo kizuri, hakina doa. Dama akampigia Jefwa mara tatu, hapatikani. Bandari nyingine, alikuwa amemwambia, ni baada ya wiki sita.

Akaitia simu mkobani. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, tena nikiomba atukane. Akaenda hadi mlangoni, akarudi.

"Ule mtandio, Ami," akauliza, "wakati ananiona, ulikuwa umekaa sawa?"

Nikamwambia ulikuwa umekaa sawa.