Shikamoo Kabla ya Upepo

Walisema sitaweza, na walisema mbele yangu.

"Upepo? Umekuja kuuza upepo Singida?" aliniuliza fundi wa pancha, jirani yangu pale mjini, akicheka mpaka akashikilia tairi asianguke. "Hapa upepo unang'oa mabati ya watu bure, kaka. Nani atakulipa?"

Mama mdogo hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua. "Mwanangu, stashahada yote ile ya ufundi mitambo, na miaka yote ya Uarabuni, umerudi kukwangua sakafu? Mimi nakwangua ya kwangu kwa kisu cha jikoni, na sijasoma."

Mjomba wangu wa Issuna, kaka yake mama, ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu alisema polepole, kwa Kinyaturu chetu cha nyumbani. Aliizunguka mashine niliyorudi nayo, ile yenye mpini mrefu na kisu kipana mbele, akagusa kisu kwa kidole gumba. "Itakushinda, mjomba," akasema. "Wewe unapenda watu. Hii ni kazi ya mtu asiyependa watu."

Lakini hao hao ndio walionikopesha. Nilikuwa na mashine, sikuwa na kompresa ya kuisukumia upepo. Fundi wa pancha akaniazima mpira wake mrefu wa upepo. Mama mdogo akatoa magunia ya alizeti aliyokuwa akingojea yapande bei. Mjomba akatoa dume lake la kulimia, jekundu, akaniambia nikaliuze mnadani na nisimwambie limenunuliwa na nani. Nikapata kompresa. Nilijiwekea ahadi kwamba kila kitu kitarudi kama kilivyotoka: mpira kwa mpira, alizeti kwa alizeti, dume kwa dume.

Na niliweza. Nalisema bila kuona haya, kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema kwa niaba yangu.

Asiyejua kiwanda cha kukamulia alizeti ajue hili: mafuta yanadondoka, mashudu, yale makapi ya mbegu, yanamwagika juu yake, watu wanakanyaga, msimu unapita, na mwisho sakafu inavaa gamba jeusi gumu kama lami. Vijana walikuwa wakilipiga kwa tindo na nyundo kutwa nzima na kuacha mashimo. Mimi nilikuwa nalitoa kwa mapande mapana, saruji ikabaki safi chini yake. Siri ni kulaza mpini. Ukiusimamisha, kisu kinachimba. Ukiulaza, kisu kinaingia chini ya gamba na upepo unafanya kazi yake. Mwenye kiwanda wa kwanza aliyenipa kazi alipita na viatu vyake vya kanisani juu ya sakafu yangu, akarudi, akapita tena.

Upande wa pili wa kazi hiyo sikufundishwa chuoni. Ile mashine inapiga kelele ya kutoboa fuvu, kwa hiyo unafunika masikio. Inarusha vipande, kwa hiyo unavaa miwani ya kazi. Vumbi la mashudu linaziba kifua, kwa hiyo unafunga barakoa. Buti, glavu. Ukimaliza kuvaa, huna uso wala sikio. Kisha unachora mstari wa chaki kuzunguka eneo lako na kutangaza kwamba hakuna mtu kuuvuka. Wapakiaji wa magunia waliokuwa wakipiga soga pale walihamia upande wa pili wa ghala. Niliwaona vinywa vikicheza na mabega yakitikisika kwa kicheko, sikusikia waliyocheka.

Saa ya kula ilikuwa vile vile. Mimi siachi mashine ikiwa na upepo ndani. Watu wengi hudhani kompresa ikinyamaza kazi imekwisha, lakini upepo unabaki kwenye mpira, umejibana, ukingoja mtu aguse kibonyezo. Kwa hiyo nazima, nafunga koki, naelekeza kisu chini na kubonyeza mpaka pumzi ya mwisho itoke, nachomoa mpira, ndipo navua vifaa. Nikifika kivulini, wenzangu wameshakula, wanasuuza mikono. Sehemu yangu ya ugali ilikuwa imefunikwa kwa sahani, sikatai. Lakini mazungumzo hayafunikiwi sahani.

Siku mambo yalipoharibika, mjomba alikuwa ameleta alizeti yake kukamua pale kiwandani. Akaambiwa mpwa wako yuko ndani. Baadaye nilisimuliwa kwamba alifurahi, akakung'uta kofia, akawaambia wapakiaji, "Huyo ni wa dada yangu." Aliingia kwa mlango wa nyuma. Akaniita. Sikusikia. Kwetu mtu mzima haiti mara nyingi. Ukinyamaza, anakufuata ujue kuna mtu. Akavuka chaki, ambayo kwake ilikuwa chaki tu, akaniwekea mkono begani.

Nilishtuka. Mpini ulinyanyuka, kisu kikaruka ukingoni mwa gamba na kuteleza. Niliachia kibonyezo, lakini tayari kisu kilikuwa kimefika mguuni kwake. Kilikata mkanda wa katambuga lake, ile ndala ya tairi. Ngozi hakikugusa.

"Toka! Toka hapa! Unataka kufa?"

Hayo ndiyo niliyomwambia. Kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyeziba masikio na asiyejua anavyopaza, mbele ya wapakiaji wote, nikiwa nimefunika uso. Kaka yake mama.

Nilikuwa sahihi. Nilisema siku ile, na leo nasema tena: mtu akiwa karibu na kile kisu anafukuzwa kwanza, anaheshimiwa baadaye. Ningelegeza sauti, angeuliza kuna nini na kusogea tena. Ila nilipovua vifunika masikio, kitu cha kwanza nilichokisikia ni kwamba hakuna anayeongea.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

Aliangalia katambuga. Alijaribu kuufunga ule mkanda, haukufungika. "Endelea na kazi, bwana fundi," akajibu, kwa Kiswahili, kile anachowasemeshea maofisa wa kilimo. Akaondoka akiburuta mguu mmoja, na shikamoo yangu akaiacha pale pale sakafuni.

Habari ilinitangulia Issuna. Nilipokwenda kumwona, watoto wa jirani walikuwa wakicheza mchezo mpya, mmoja anasukuma fimbo akinguruma, mwingine anamgusa bega, wa kwanza anapiga kelele: "Toka! Unataka kufa?" Walicheka sana. Mimi nikapita.

"Shikamoo, mjomba."

"Karibu, bwana fundi. Kiti hicho."

Nilipewa kiti, nikapewa maji, hata kuku alichinjwa siku moja. Marahaba sikupewa. Na kila nilipoanza kwa Kinyaturu alinijibu kwa Kiswahili safi, kana kwamba mimi ni mgeni niliyeshuka kwenye basi. Nikajua ninachotaka. Si kusamehewa, maana sikuona kosa. Nilitaka dume lake lirudi zizini na yeye aniitikie. Mtu hamnyimi marahaba aliyemrudishia ng'ombe.

Basi nikafanya kazi. Nilikwangua gundi ya vigae kwenye duka moja Kintinku, nikakwangua rangi kuukuu kwenye ghala la Mitundu. Popote nilipofika, niliongeza hatua moja katika utaratibu wangu, na hiyo sijaiona kwenye kitabu chochote cha ufundi. Kabla ya kuziba masikio, napita jengo zima nikisalimia. Mlinzi, mama wa chai, wapakiaji, mzee yeyote aliyeketi hata kama hana kazi pale. Namwambia kila mmoja: nikishavaa hivi sisikii; ukinihitaji, simama mbele yangu, mbali, unipungie. Tangu hapo hakuna aliyenigusa bega.

"Kijana," mlinzi mmoja mzee aliniambia, "unatusalimia au unatuaga?"

Wenzake walicheka, nami nikacheka. Kisha nikafunika masikio, na jibu nikalipata mwenyewe.

Jioni ndiyo ilikuwa saa yangu ya maongezi, mimi na mashine. Nafungua koki ya chini ya tangi la kompresa, maji yenye rangi ya kutu yanatoka na upepo unalia mpaka unakwisha. Maji hayo ukiyaacha yanaozesha tangi kwa ndani, na tangi lililooza siku moja linapasuka. Nakagua mpira kwa kuupitisha mkononi kama shanga, nikitafuta nyufa na uvimbe. Nakivua kisu, nakinoa upande mmoja, nakirudisha na kukaza bolti. Mwisho natia matone ya mafuta pale upepo unapoingilia, ili kesho isikohoe. Wapo wanaosema mashine zangu hazifi kwa sababu nina bahati. Hazifi kwa sababu sina pa kwenda jioni.

Siku ya kulipa nilianza asubuhi. Fundi wa pancha nilimpelekea mpira mpya, bado uko kwenye nailoni. Aliunusa. "Kumbe unauzika, huu upepo!" akasema, akanipiga ngumi ya utani mkononi, kisha lori likaingia na matairi yake, akanisahau. Mama mdogo alifungua gunia moja, akatafuna mbegu, akatema ganda. "Zimejaa," akasema. "Nimesema maneno mengi mimi, mwanangu." Alitaka nikae nile, lakini wenzake wa kikundi walikuwa wakimngoja, akatoka amejifunga kitenge kipya.

Dume nililinunua mnadani mwenyewe, jekundu, nikalipakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka Issuna. Mjomba alikuwa zizini. Nilishuka, nikakamata kamba, nikainama kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

Alilizunguka dume kama alivyoizunguka mashine siku ile. Akalifungua mdomo, akatazama meno, akalisukuma nyonga kuona linavyosimama. Miguuni alikuwa na katambuga lile lile, limeshonwa kwa waya.

"Marahaba," akasema.

Niliisikia kwa masikio yote mawili, hayana kitu juu yake. Nilikuwa nimeingoja katika sakafu zote zile.

"Hili ni zuri kuliko langu," akaendelea, kwa Kiswahili. "Umelipa, bwana fundi. Hatudaiani."

Akanipokea kamba, akaingia nalo zizini na kurudisha miti ya mlangoni nyuma yake. Dume lilikuwa geni pale, likagoma, likavuta. Mjomba alilikaribia shingoni, akaweka mkono wake juu ya bega lake, akaanza kulisemesha taratibu kwa Kinyaturu, maneno yale yale aliyokuwa akituitia sisi watoto tukichelewa machungani. Dume likatulia.

Nilisimama nje ya zizi, sidaiwi na mtu yeyote Singida nzima, nikimsikiliza mpaka dereva wa kirikuu akapiga honi.