Mpiga Picha wa Garsen na Mteja Asiyekaa Kitini

Saa mbili kasoro dakika tatu asubuhi, Silas Komora anamrekebisha mzee Kitsao kidevu.

"Inua kidogo, mzee. Usicheke, hii ni ya pasipoti."

Kidole kiko tayari juu ya kitufe. Ghafla simu iliyo mfukoni mwake inawika kama jogoo. Silas anaiweka kamera mezani na kutoka mbio.

Mzee Kitsao anabaki kwenye kiti, kidevu juu, kitambaa cheupe nyuma yake. Hashangai hata kidogo. "Leo Jumatano," anasema. "Ameenda kwa yule mteja wake mwingine."

Mteja huyo ni jua. Kwa karibu mwaka mzima, kila Jumatano saa mbili kamili, Silas hupanda jukwaa la tangi la maji nyuma ya hoteli ya jirani yake, Kadii, na kulipiga jua picha. Pahali ni palepale, saa ni ileile. Jua ndilo linalohama.

Leo Kadii, mama wa kijana aitwaye Nzai, ameshasimamisha ngazi. Kamera ya zamani anaitoa kabatini, imefungwa kwa leso, pamoja na kipande cha kioo cheusi cha mafundi wa kuchomelea. Bila kioo hicho, jua lingeiunguza kamera, na jicho pia.

Lakini leo kuna wingu.

Mvua za masika zimemnyima Silas Jumatano mbili mfululizo, na pengo limebaki kati ya picha yake ya mwisho na ile ya kwanza kabisa. Leo ndiyo Jumatano ya mwisho ya kuliziba. Ikipita hivi hivi, mahali pale jua halitarudi mpaka mwakani.

"Baba Hope, si umwambie Mungu asogeze kidogo?" Asmaa, muuza maziwa, anamtania Silas kutoka chini.

"Mwambie wewe, mimi nimeshika kioo!"

Silas ana miaka hamsini na moja, na ni mzaliwa wa Kulesa. Studio yake ina chumba kimoja. Picha nne za pasipoti anauza shilingi mia mbili, na kuna siku anafunga duka akiwa amepata mteja mmoja tu. "Siku hizi kila mtu ana simu," anasema bila uchungu. "Lakini wakitaka kitambulisho au kusafiri, wananikumbuka."

Ni mlango wa studio hiyo uliomfundisha kutazama jua. Kila asubuhi mwanga huingia na kuangukia kitambaa cheupe, na kila baada ya wiki chache alilazimika kukisogeza kiti cha wateja. Mwezi wa Desemba mwanga ulipiga upande huu, Juni ukapiga upande ule. Alimwuliza binti yake Hope, aliye chuoni, kama mlango umepinda.

"Alicheka sana," Silas anakumbuka. "Akasema, baba, mlango hauna makosa. Ukilipiga jua picha mwaka mzima saa ileile, ukazipanga pamoja, litakuchorea namba nane. Nikamwambia, hiyo lazima nione kwa macho."

Alihitaji mahali palipo juu, panapotazama mashariki. Jukwaa la tangi la Kadii ndilo lililofaa. Alifunga hapo kishikio cha chuma, akakikaza kwa spana ili kamera isihame hata unywele mmoja.

Ilihama mara moja. Novemba, Silas alikwenda kumwona dada yake kijijini Golbanti, maji ya mto yakafunga njia. Jumatano ilipofika alimpigia Kadii simu na kumwomba apande yeye. Kadii alipanda. Akachungulia, akaona jua limekaa pembeni kabisa mwa picha. Naye kwa miaka mingi alikuwa akimwona Silas akihangaika kuweka nyuso za watu katikati. Basi akalegeza nati, akaigeuza kamera, akaliweka jua katikati, sawasawa kama picha ya pasipoti.

"Nilijua nimefanya kazi nzuri!" Kadii anasema, akijifunika uso kwa leso. "Hata nilimpigia kumwambia, limetoka vizuri, halijafumba macho."

Silas alirudi, akalinganisha mlingoti wa simu na paa la msikiti na picha yake ya siku ya kwanza, mpaka kishikio kikarudi mahali pake. Hakumgombeza.

Saa mbili kamili. Wingu linapasuka upande mmoja. "Sasa!" Asmaa anapiga kelele. "Piga, piga!" Kamera inalia mara moja, na wanywaji chai wanapiga makofi. Mtu anasema jua sasa lipewe pasipoti lisafiri.

Baada ya kumpiga picha mzee Kitsao, Silas analeta kompyuta hotelini, kwenye meza ya mahamri. Vijua vidogo vinatokea, kimoja baada ya kingine, mpaka nane inakamilika juu ya mapaa ya Garsen. Imelala ubavu, duara dogo kushoto, kubwa kulia.

Kadii ananyoosha kidole. Ndani ya duara kubwa kuna jua moja liko peke yake.

"Hili ni lile langu? Si niliharibu?"

"Hukuharibu. Ni lako, limekaa hapo."

"Ungelifuta."

"Sikutaka."

Silas anakohoa. Anasema mpango wake sasa ni kulipiga jua la jioni, mwaka mwingine, akipata mahali. Kisha anageukia nyuma ya hoteli, ambako tangi jipya kubwa la Kadii limekaa tupu tangu mwaka jana, likisubiri jukwaa libomolewe na kujengwa upya.

"Kesho nitatoa kishikio changu ili ujenge, Mama Nzai. Uliniambia fundi alikuwa hajapatikana."

"Hajapatikana?" Asmaa anaguna. "Na Garsen yote hii imejaa mafundi?"

Kadii anapangusa meza iliyo safi. Halafu anaacha.

"Fundi nilimpata zamani," anasema, na hoteli nzima inamsikia. "Nilimwambia asubiri. Nataka uwe unakuja kwangu, Baba Hope. Hata jua lisipotoka."