Korongo Lisilo na Kitambaa

Si kweli kwamba Nyundo aliwapeleka watu kwenye korongo lisilo lenyewe makusudi, ili shemeji yake afie msituni. Si kweli pia kwamba alimpiga kwa ajili ya kikombe cha mbio. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, na mwaka ule kilichukuliwa na binti wa duka la dawa. Kweli ni kwamba alimpiga. Alimpiga ngumi mbili, zote za uso, na jambo hilo halikufichwa siku ile wala halitafichwa hapa. Lakini habari hii imetiwa chumvi hadi hailiki tena, na waliokuwa wakiogopa kuitaja Nyundo akiwa hai sasa wanaitaja mlangoni pake, udongo wa kaburi haujakauka. Basi na aieleze aliyeishi naye miaka ishirini na sita. Humu ndani nitakuwa "mkewe" tu, kama wengine walivyo kwa nafasi zao, maana habari si yangu. Ni yake.

Nyundo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati, mitungi miwili ya gesi imefungwa mnyororo ukutani, na harufu ya chuma kilichoungua ambayo haikumtoka hata siku ya harusi yake. Alikuwa na mkono mwepesi. Alimvunja taya msukuma mkokoteni aliyelikwaruza geti lenye rangi mbichi. Mteja mmoja aliyesema mshono umepinda alishikwa sikio akaburutwa hadi barabarani, kisha akarudishwa kwa sikio lile lile aone kwamba haukupinda. Nyumbani hakuwahi kuuinua mkono huo. Nalo liandikwe, kwa sababu nalo linasemwa.

Aliyemwingiza kwenye mbio za ramani ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzee mwembamba aliyekuja siku moja kuagiza geti, akamkuta fundi amemkaba mtu koo juu ya meza ya kazi. Mwalimu hakupiga kelele. Alivua kofia, akakaa juu ya ndoo.

"Fundi," akasema, "ukimaliza na huyo, nina shughuli Jumapili. Inataka mtu mwenye nguvu za kutupa."

Nyundo akacheka, na aliyekabwa akapata upenyo wa kukimbia.

Shughuli yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu alikuwa ameuchora msitu wa misonobari pamoja na machimbo ya mawe yaliyoachwa, kila kilima, kila korongo, kila mtaro. Mkimbiaji anapewa ramani, dira na kadi. Porini vimetundikwa vitambaa vya rangi ya chungwa na nyeupe, na penye kila kitambaa, ndicho kituo, kuna kitobozi cha kutoboa kadi. Unavifuata kwa mfuatano, cha kwanza hadi cha mwisho, njia ukijichagulia mwenyewe. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi.

Siku ya kwanza Nyundo aliingia msituni kama fahali aliyekatiwa kamba. Alishika ramani kichwa chini miguu juu, akakimbia kaskazini akidhani ni kusini, akatokea nyuma ya machimbo, miiba imemchana kuanzia magoti hadi shingoni. Akaupiga mti teke, kidole cha mguu kikavunjika. Alirudi wa mwisho, akiutukana msitu na aliyeupanda.

Mwalimu akampa kalamu nyekundu.

"Chora ulikopita."

"Nilipita huku..."

"Huko ndiko ulikotaka kupita. Chora ulikopita. Palipo na kosa, andika sababu, na dakika ilizokula."

Ndivyo alivyofanya kwa miaka mitatu. Kila Jumapili jioni alichora, na ramani akazibandika ukutani juu ya mitungi ya gesi, na wateja wakazisoma wakingojea bawaba zao. Kituo cha nne: mbwa wa mlinzi. Nilipigana naye badala ya kuzunguka. Dakika tisa. Kituo cha pili: nilimfuata mwenye bukta ya njano nimpite nimtukane, kumbe anatafuta chake cha tano. Dakika kumi na nne. Kituo cha sita: niligombana na dira. Dira ilikuwa sahihi. Dakika saba.

"Nyundo," seremala jirani akamwambia, "mbona huu ukuta kama jalada la polisi?"

"Ndilo. Na mshtakiwa ni mmoja tu."

Alikuwa amekwisha kuliona mwenyewe: miguu haikumpoteza hata mara moja, wala msitu. Alipotea kila alipokasirika. Basi akajifundisha kuhesabu hatua kwa sauti ndogo, kwa sababu mtu anayehesabu hawezi kutukana wakati huo huo. Mwaka wa tatu akawa wa pili katika mbio mbili mfululizo.

Sasa aje shemeji. Huyu ni mdogo wake mkewe, dereva wa lori la kokoto, kijana mwenye miguu ya swala na mdomo usio na breki. Kusoma ramani hakukuwa kazi yake. Alichojua ni kumvizia Nyundo nyuma, kumwachia kazi ya kutafuta, kisha kumpita kwenye mita za mwisho. Wenzake wa malori walikuja kumshangilia. Watu walimwita Mkia, naye akalipenda jina.

Asubuhi ya siku yenyewe, penye hema la kuanzia, watu hamsini wakisikia, Mkia alisema, "Shemeji, leo gawana kazi. Wewe soma, mimi nikimbie."

"Ukinifuata leo nitakuvunja miguu."

Watu wakacheka. Na Nyundo mwenyewe alicheka. Lakini maneno hayo yalitoka kinywani mwake, na watu hamsini waliyaweka akiba.

Hadi kituo cha sita mambo yalikwenda sawa. Kutoka pale unashuka kwenye barabara ya zamani ya machimbo, unaifuata, kisha unaingia korongo lililo upande wa kushoto, na kitambaa cha saba kimo ndani yake. Ila makorongo yapo mawili. Yamelala bega kwa bega kama mapacha, misonobari ng'ambo hii, mawe yaliyovunjika ng'ambo ile, na kati yao nundu ya ardhi isiyozidi nyumba kwa urefu. Nyundo alikuwa akihesabu hatua. Alifika mia na ishirini. Hapo akasikia viatu nyuma yake, na kicheko anachokijua.

Akakata hesabu, akaongeza mbio ili amtupe. Aliporudisha akili kwenye ramani, kushoto kwake kulikuwa na korongo, lina misonobari, lina mawe. Akaingia.

Hakukuwa na kitambaa. Akapanda, akashuka, akaangalia nyuma ya kila jiwe. Ardhi ilikuwa inamwambia pale sipo, naye akaikatalia. Mwezi uliopita watu walikuwa wameiba vitambaa vitatu wakashonea mapazia. Akaamua na hiki kimeibwa. Ilikuwa rahisi kumwona mwizi kuliko kujiona yeye.

Mkia akatokea juu ya ukingo, anahema, meno yote nje.

"Kiko wapi?"

"Kimeibwa."

"Kimeibwa! Bingwa amepotea, sasa mwizi anatafutwa!"

"Nyamaza niangalie."

"Angalia, baba, angalia. Macho yenyewe umeshayachomelea kwenye mageti ya watu."

Nyundo akapanda hadi aliposimama. "Shemeji, nimesema nyamaza."

Mkia hakunyamaza. Akasema jambo kuhusu dada yake.

Ngumi ya kwanza ilitoa jino. Ya pili ilishuka puani, na sauti yake, Nyundo alisema baadaye, ilikuwa kama ya tofali likipasuka. Mkia akarudi nyuma hatua mbili, na ya pili haikukuta ardhi. Alianguka kimo cha watu wawili juu ya mawe. Mfupa ulitokea chini ya goti, ukapasua soksi.

Nyundo aliteremka kwa makalio na viganja, ngozi ikibaki njiani. Mkia alimpokea kwa jiwe. Lilimpasua nyusi, damu ikamfunika jicho.

"Usiniguse! Umeniua, mshenzi wewe!"

"Tulia nikufunge."

"Niache nife!"

"Kufa utakufa siku yako. Leo tulia!"

Alichana shati lake, akalikaza juu ya goti kwa kipande cha tawi. Wakati akikaza, Mkia alimng'ata mkono chini ya kiwiko, meno yakazama, na hakuachia hadi fundo lilipofungwa. Wanaosema Nyundo alimwacha pale bila msaada wangemwomba awaonyeshe kovu hilo. Alikuwa nalo hadi kuoshwa kwake.

Akakimbia. Alitokea hemani kifua wazi, uso umeloa damu, na kadi yenye matundu sita.

"Shemeji ameanguka. Mguu. Korongo la kituo cha saba."

Mwalimu alikwenda, na muuguzi na machela yake, na madereva wanne wa malori. Walikimbia bila kuuliza, Nyundo mbele yao. Walipofika korongo la kituo cha saba, kitambaa kilikuwa kinaning'inia mahali pake, chungwa na nyeupe, kitobozi chini yake. Mtu hakuwepo. Hata tone la damu halikuwepo.

"Yuko wapi?" akauliza dereva mnene.

Nyundo alikuwa amekitolea macho kitambaa.

"Nakuuliza wewe! Umemficha wapi?"

"Asubuhi si alisema atamvunja miguu?" mwingine akasema. "Ametuleta huku mwenzetu amalizike kule!"

Dereva mnene alimpiga kwa mti wa machela, tumboni, akakunjika. Wengine wakamaliza kwa viatu. Walimpiga kama watu wanavyopiga nyoka, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuacha. Mbavu tatu zilikatika. Muuguzi alimrukia mmoja mgongoni, akatupwa pembeni. Mwalimu alipuliza filimbi yake hadi akakosa pumzi, na hakuna aliyeisikia.

Nyundo hakurudisha hata pigo moja. Yeye, aliyekuwa na uwezo wa kuwalaza wawili kati yao, alikuwa amelala kifudifudi, mdomo umejaa udongo, anatafuta kosa. Kitambaa kipo. Basi hakikuibwa. Basi hapa sikufika. Nilipita wapi? Si nilikotaka kupita. Nilikopita.

"Mwalimu," akasema, na teke likamkata. Akaanza tena. "Mwalimu. Nilihesabu mia na ishirini. Halafu nikaacha."

Mwalimu akapiga magoti katikati ya viatu vyao, ramani mkononi. "Ulipoacha, uliona nini?"

"Sikuona. Nilikasirika."

"Mguu uliona nini, fundi? Kumbuka mguu!"

"Niliruka. Niliruka kitu. Bomba. Bomba la kutu, limelala barabarani."

Kidole cha Mwalimu kikaifuata barabara kwenye ramani. Bomba lilikuwa limechorwa, mstari mwembamba mweusi, likiikata barabara baada ya korongo la kwanza.

"Ulilipita hili," akasema polepole. "Uliingia pacha wake."

"Ni la pili," Nyundo akasema. Akatema jino na udongo. "Mtaniua baadaye. Ni la pili!"

Wakapanda nundu ile wakamkuta Mkia alikoachwa, amezimia, midomo imekuwa ya kijivu, shati bado limekaza. Hawakuwa mbali naye tangu mwanzo. Mtu angerusha jiwe likamfikia. Dereva mnene alipouona mfupa alitapika. Muuguzi alisema fundo ndilo lililomweka hai, na pia kwamba muda uliopotea korongo la kwanza ulikuwa mguu. Ulikatwa usiku huo, juu ya goti.

Asubuhi askari alikuja wodini na daftari. Akamuuliza Mkia nani aliyemfanya vile.

"Nilianguka," Mkia akasema, uso ukutani.

Nyundo alikuwa amesimama mlangoni, amefungwa bandeji kama mtoto mchanga. "Nilimpiga mimi."

"Nimesema nilianguka!"

"Nimesema nilimpiga!"

Askari akafunga daftari. "Nyinyi ndugu, kubalianeni kwanza, mimi nimekuja na kalamu moja."

Nyundo alifungwa miezi mitano na akaitumikia yote. Kabla ya kwenda alichora ramani ya siku ile, mbavu zikimuuma kila alipoinamia meza. Mstari mwekundu ulikwenda sawa hadi barabara ya machimbo, ukaliruka bomba, ukaingia mahali pasipo kituo. Pembeni aliandika: Kituo cha saba. Hasira mbili. Ya kwanza ilinipoteza, ya pili ikampoteza yeye. Dakika hamsini na tatu na mguu mmoja. Akaibandika mahali ambapo kila aliyeingia karakana angeisoma. Wanaosema alificha watueleze ni mtu gani anayeficha jambo ukutani.

Alipotoka alikimbia tena miaka minne. Hakushinda. Akisikia viatu nyuma yake alikuwa anakaa chini, popote, hata kwenye tope, anasubiri mwenye viatu apite, ndipo anaendelea. Watu walimcheka. Mkono wake haukumgusa mtu tena. Gongo la kwanza la Mkia alilichomelea yeye, la bomba jepesi, akalipeleka mwenyewe. Mkia akamtupia kifuani, Nyundo akaliokota akaliegemeza mlangoni. Kesho yake Mkia alionekana barabarani akilitumia. Kusema, hawakusemezana hadi mazishi, na pale kaburini Mkia alisimama mbele kuliko watoto.

Imebaki ile sentensi ya ukingoni. Ndiyo inayowawasha watu. Wanasema ilihusu mtoto fulani, wanasema ilihusu mwanamume fulani, kila mtaa una yake. Walioisikia walikuwa wawili. Mmoja amezikwa. Mwingine ni mdogo wangu, naye anajua atakachokipata kwangu akifungua mdomo. Mkewe Nyundo alimuuliza mumewe mara moja, jikoni, mlango umefungwa, akaambiwa neno kwa neno. Kama ilikuwa kweli, kama ilikuwa uongo, kama mtu alistahili kuvunjwa uso kwa ajili yake, sisemi. Asije mtu kuniuliza.