Binti Yangu Yuko Mazoezini

Mdogo wangu alikuja na habari kwamba amemtafutia binti yangu kazi ya ukarani mjini Tukuyu, na jibu lilitakiwa siku hiyo hiyo. Binti huyu anaandika programu za kompyuta hapa nyumbani, katika chumba kinachotazama migomba. Tulimkuta anafuta.

"Unafuta nini, mama?"

"Kazi ya wiki nzima, baba mdogo. Inafanya kazi, ila ni nzito. Naianza upya."

Mdogo wangu akanigeukia. "Kaka, umesikia? Hata mchuma chai jioni ana kikapu cha kuonyesha!"

Nilicheka na kumshukuru Mungu, maana nilijiona mwenyewe ndani yake binti huyu. Nimefundisha kwaya ya kanisa tangu ujana wangu. Kuna ubeti tuliufanyia mazoezi mwezi mzima, kila mmoja akaushika, kisha nikasikia besi inaifunika sauti ya pili. Nikaufuta ubaoni, tukaanza upya. Waimbaji walininunia. Jumapili ilipofika, waumini hawakujua kilichofutwa. Walisikia wimbo umekaa sawa, basi.

"Wewe ulikuwa besi," nikamkumbusha. "Ulininunia kuliko wote."

"Ile ilikuwa kazi ya Mungu, kaka."

"Na huyu akili kapewa na nani? Kawaambie haji. Wakiuliza anafanya nini, sema yuko mazoezini."

Alimaliza chai yake, akaondoka na jibu hilo. Chakula kilipoiva sikumwita binti yangu. Nilimfunikia sahani, nikangoja atoke mwenyewe.