Njia Mbili za Arlys

Mwezi wa Aprili jaji alimrudishia Arlys Tostrud ruhusa ya kuendesha gari, lakini kwa masharti: kwenda kazini na kurudi, na kanisani Jumapili. Kwingineko, marufuku. Ndani ya gari lake pia walifunga kifaa cha kupulizia, nalo haliwaki mpaka kiridhike kwamba pumzi yake haina kileo.

Majira yote ya baridi alikuwa akipelekwa na kaka yake Delmar, maana mwezi wa Oktoba, akitoka arusini na brandi kichwani, Arlys alilitosa gari katika kinamasi cha jirani. Hakuumia mtu, ila aibu ilimganda kama tope lile.

Asubuhi ya kwanza alipuliza, akasubiri, injini ikaitika. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na korongo warefu wa kijivu wakitembea humo polepole, kama watu waliosahau walikotoka. Arlys aliendesha taratibu. Barabara aliyoipita maisha yake yote ilionekana kama aliota tu kuwa anaijua. Alifika kwenye nyumba ya wazee anakopika, akakaa garini kidogo, hataki kushuka.

Ikawa hivyo, kwenda na kurudi, mpaka Ijumaa moja jioni. Alikuwa amekwisha fika nyumbani simu ilipolia. Ni Ione, mwenye baa ya njia panda. Alisema Delmar alikuja kula samaki wa kukaanga, sasa amelewa chakari na anatafuta funguo zake. Ione alikuwa amezificha chini ya kaunta, lakini hakujua atamzuia mpaka lini.

Arlys alilitazama gari lake uani. Baa haikuwa kwenye njia zake. Akavaa viatu vya mvua, akatoka kwa miguu, jua likianza kuinama nyuma ya maghala.

Alimkuta Delmar mlangoni pa baa.

"Gari lako liko wapi, dada?"

"Limepumzika. Jaji amenipa njia mbili tu, na wewe hauko kwenye hata moja."

"Basi nitakuendesha mimi."

"Utaniendesha kwa miguu. Twende."

Delmar alicheka, akamfuata. Walipita kando ya mashamba wameshikana mikono, jambo ambalo hawakulifanya tangu utotoni. Njiani Delmar alichoka, wakaketi juu ya robota la nyasi. Akaegemeza kichwa begani kwa dada yake.

"Arusini mimi ndiye niliyekuwa nakumiminia brandi," alisema.

"Mdomo ulikuwa wangu, Delmar."

 Delmar alikuwa amesinzia. Korongo walishuka mmoja mmoja kinamasini, miguu ikining'inia, sauti zao zikitetemeka hewani kama mlio wa mlango wa mbali. Arlys hakumwamsha. Alimfunika kwa koti lake, akakaa akiwasikiliza, wala hakuona haraka ya kufika popote.