Fundi Kioo na Mchanga wa Mgodini

Walimwita Kioo, na halikuwa jina la kumsuta. Ukuta ukishapita mikononi mwake, walisema, mwanamke anaweza kupaka wanja akijitazama humo. Walitia chumvi, lakini si nyingi. Alikuwa fundi wa plasta tangu ndevu hazijamtoka, na mwiko wake aliurithi kwa mjomba wake aliyemfunza kazi kwa makofi.

Mgodi ulifunguliwa yeye akiwa kijana. Jiwe lilichimbwa, likasagwa, likaoshwa kwa dawa, mwisho ukapatikana unga wa manjano uliotiwa kwenye mapipa na kuondoka kwa treni. Unakokwenda hakuna aliyeambiwa vizuri. Mara ni wa kuwasha taa, mara ni wa mambo ya serikali kubwa. Kumbe yote mawili yalikuwa kweli. Mwingine uliwasha miji ya watu, na mwingine ukaingia kwenye mabomu, ndugu wa yale yaliyounguza miji miwili na watu wake wakiwa kwenye shughuli zao za asubuhi. Wakubwa wakaendelea kuyajaribu kwenye visiwa na majangwa ya watu ambao hawakuulizwa. Waliogopana miaka na miaka, kila mmoja akilimbikiza zaidi ya mwenzake, na hofu yao ndiyo iliyowashusha vijana wa mji huu shimoni. Mji wenyewe uliotoa jiwe ulibaki na koroboi. Anayeweza kulisimulia hili bila kupandisha sauti, akalisimulie kwingine.

Bei ya jiwe iliposhuka, mgodi ukafungwa. Nyuma ya kinu cha kusagia jiwe kulibaki kilima cha mabaki, mchanga wa kijivu ulio laini kama unga wa kupepeta, na kampuni haikujua kukipeleka wapi. Ikaamua kukigawa. Malori yake yenyewe, yenye nembo yake mlangoni, yalipita mtaa kwa mtaa yakimwaga mchanga mbele ya kila nyumba inayojengwa, na madereva wakasema ni zawadi ya kuagana.

Fundi anayejua kazi huonja mchanga kabla ya kuuchanganya na saruji, maana wenye chumvi hufanya plasta ifure na kubanduka. Kioo aliuweka ule wa mgodini ulimini, akautafuna kidogo kwa meno ya mbele, akatema. Haukuwa na chumvi wala udongo. Haukuhitaji hata chekeche. Siku hiyo alimwambia mke wake kwamba Mungu amewakumbuka mafundi.

Tangu hapo hakutaka mchanga mwingine. Alipaka nyumba za mji mzima, mke wake akimkorogea mchanganyiko na kumpandishia ndoo. Mama huyo hakuwahi kushika sigara maishani, na akafa kwa kifua. Watu walisema ni amri ya Mungu. Mungu husingiziwa mengi.

Nyumba ya mwisho kuipaka kabla mgongo haujamshinda ilikuwa ya binti yake wa pekee, alipoolewa. Chumba cha kulala alikirudia mara tatu, mpaka mkwe wake, dereva wa masafa marefu asiyeonekana nyumbani, akauliza kama wanajengewa chumba au sahani.

Binti alikuwa na mimba kubwa walipokuja watu wa kupima. Walitumwa na serikali, na afisa mmoja wa kampuni akafuatana nao. Msichana mwenye mashine alipoisogeza kwenye ukuta wa chumba kile, ikaanza kulia kama bisi sufuriani. Akairudisha nyuma, akaisogeza tena, kisha akaizima.

“Dada, unalala humu?”

“Nilale wapi tena? Ni chumba changu.”

“Usilale tena. Huu mchanga una mionzi, na kuna hewa inatoka ukutani inaingia kwenye mapafu. Huioni wala huisikii harufu.”

“Nihame lini?”

“Jana ingekuwa vizuri.”

Kioo alikuwa amesimama mlangoni. Alimwangalia binti yake, akaangalia tumbo, akaangalia ukuta ulivyong’aa. Kwa mara ya kwanza maishani aliona aibu kwa kazi nzuri.

Nyumba baada ya nyumba mashine ililia. Ilipofika kwa Kioo mwenyewe, ikanyamaza. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo yaliyo wazi, na kuta zake hazikuwahi kuguswa na mwiko. Mtaa mzima ulikuwa ukimcheka kwa hilo. Mganga hajigangi, walisema, na yeye akajibu kila mwaka kwamba ataipaka akimaliza za wateja. Afisa wa kampuni hakucheka. Alitazama zile kuta kwa muda, kisha akatazama viatu vyake, akaondoka.

Kikao kilifanyika alasiri ile ile kwenye ukumbi wa shule. Afisa alisema kampuni inasikitika sana, ila mchanga ule ulikuwa ndani ya ua, na mafundi ndio walioupora bila ruhusa.

Kioo akasimama. “Malori yalikuwa yenu. Madereva walikuwa wenu.”

“Mzee wangu,” afisa alisema kwa upole uliopakwa mafuta, “nyumba za wenzako zote zina mionzi. Yako haina. Hebu waeleze wenzako kwa nini hukuipaka yako.”

Aliyeinuka alikuwa mwanamke, fundi cherehani, jirani yake wa mlango kwa mlango, aliyemshonea mke wa Kioo sanda.

“Jibu, Fundi,” alisema. “Kwangu ulipaka kwa mkono wako. Mwanangu anatambaa mle. Kwa nini kwako hukupaka?”

Kioo alikuwa na jibu moja tu. “Sikupata nafasi.”

Ndiyo iliyokuwa kweli yote, na ilitoka kinywani ikinuka uongo. Mtu mmoja nyuma akaguna. Fundi cherehani akasema, bila kupaza sauti, “Ulijua,” kisha akampa mgongo. Wengine wakarudia. Afisa alikuwa amekwisha kaa, amekunja mikono, kazi yake imefanyika. Ameua mji, na sasa amewapa marehemu mtu wa kumchukia.

Kioo alitoka pale na hasira yake. Alimhamisha binti yake jioni ile ile, godoro, sufuria na nguo za mtoto asiyezaliwa, akamweka kwenye nyumba yake ya udongo. Kisha akakunja mkeka wake kwapani.

“Unakwenda wapi, baba?”

“Kwako. Nitalala kwenye kile chumba. Waje na mashine yao wanikute mle, ndipo watajua kama nilijua.”

Binti akasimama mlangoni, tumbo limeziba njia yote. Naye alikuwa na hasira, na ya kwake ilikuwa na machozi.

“Wanasema ulijua, na hukujua. Ukienda kulala mle leo, utakuwa umejua. Mama ameshakwenda. Mimi nitazaa mtoto nimwambie babu yake alikufa kwa ubishi?”

“Wameniita muuaji.”

“Nimesikia. Weka mkeka chini.”

Akauweka. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, akitafuna hasira yake mpaka ikamuuma taya.

Asubuhi alikuwa bado hapo alipomwona fundi cherehani akivuka uwanja. Alikuwa na mtoto mgongoni na furushi mkononi, na hakuweza kumtazama usoni. Alisimama hatua chache kutoka kwenye kigoda. Mtoto alikuwa na kile kikohozi kikavu ambacho Kioo alikifahamu vizuri, maana alilala kando ya kikohozi kama hicho mpaka kilipomzikisha mke.

“Fundi,” mwanamke alisema. “Sina pa kumlaza ambapo ile mashine hailii.”

Kioo aliinuka polepole. Ndani, binti yake alikuwa ameacha kufagia, anasikiliza. Alichokuwa nacho Kioo moyoni hakikuwa huruma. Akasogeza kigoda pembeni, akafungua mlango mpaka mwisho.

“Wewe sijakusamehe,” alisema. “Mtoto apite.”